Katuni za zamani kwenye diski: nyongeza za kudai kabla ya kulipa

Shikamoo mwalimu. Umeuliza ukiagiza katuni za zamani kwa klabu ya uchoraji hapo Malindi, utafute nyongeza zipi. Ya kwanza, na kwangu inazishinda zote: sehemu zilizokatwa zikiwa bado michoro ya penseli. Snow White, filamu ya Disney ya 1937, ina mfano mzuri, mbilikimo wakibugia supu, kazi ya mchoraji Ward Kimball iliyoondolewa kabla ya kutiwa rangi. Simamisha, sogeza fremu moja moja, watoto waone shavu linavyovimba na kunywea, kisha wachore.

Dai pia sauti ya awali ya mono (ya mkondo mmoja), si ile iliyochanganywa upya peke yake. Maelezo ya wataalamu yanayosikika filamu ikiendelea yawe na maandishi chini, la sivyo watoto hawatayafuata. Michezo na karaoke achana nazo.

Picha ya enzi hizo ni 4 kwa 3. Ikijaza televisheni pana, ujue imekatwa juu na chini au imevutwa. Ikiwa laini kama plastiki, programu ya kufuta chembechembe za filamu imelamba na mistari ya mchoraji.

Angalia na eneo la diski, yaani alama ya sehemu ya dunia inakoruhusiwa kuchezwa: DVD za Marekani ni 1, Kenya ni 5, Blu-ray zao A, zetu B. Deki isiyofunguliwa kucheza maeneo yote itazikataa za Marekani. DVD ya PAL, mfumo wa televisheni wa kwetu na Ulaya, nayo huenda kasi zaidi kwa asilimia 4: filamu ya dakika 83 huwa kama 80, na mara nyingi nyimbo husikika nyembamba kidogo.