Kachero Mstaafu Hana Pingu: Maswali Yenu ya Uandishi

Wengi wenu mnaandika riwaya za kipolisi, na karibu nusu mmemstaafisha kachero hata kabla ya sura ya kwanza. Haya, tuyachukue moja moja.

Riwaya ya kipolisi ina tofauti gani na nyingine za upelelezi?

Hizo nyingine humtegemea mtu mmoja mwenye akili kali. Ya kipolisi hubebwa na kituo kizima: zamu, majalada, ripoti ya daktari inayochelewa, mkubwa anayetaka jibu kesho asubuhi. Kachero asiye na fomu ya kujaza yuko kwenye riwaya ya aina nyingine.

Kachero wangu alistaafu miaka miwili iliyopita. Nimemwingiza eneo la tukio akamhoji mtuhumiwa. Rafiki yangu anasema haiwezekani.

Msikilize rafiki yako. Siku alipokabidhi kitambulisho, kachero wako alirudi kuwa raia kama mimi na wewe. Hawezi kupekua nyumba wala kumlazimisha mtu ajibu, na jalada akilitaka, itabidi aliye kazini ajitie matatani kwa ajili yake. Nani huyo, na mzee anamdai nini? Hapo una sura tatu za bure. Ukitaka aingie kwa mlango halali, aitwe kama shahidi, kwa kuwa ndiye aliyeandika maelezo ya kwanza ya kesi.

Halafu mwonyeshe akibisha hodi. Zamani alitamka "Polisi!" tu, komeo likafunguliwa. Leo sauti ya ndani inauliza, "Nani?" naye anabaki na mkono hewani, akitafuta la kusema. Mimi ningefuta kurasa zako zote za kumbukumbu zake za ujana nikabaki na mkono ule.

Mauaji yangu yalitokea mwaka 1979. Ushahidi gani unaweza kufufuka?

Vinasaba, yaani DNA. Mwingereza Alec Jeffreys aligundua namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba mwaka 1984, kwa hiyo askari wa 1979 aliifunga shati yenye damu bila kujua amehifadhi nini. Ila chunga bahasha ya kielelezo. Lazima ijulikane nani aliifunga, nani aliipokea, lini, saini kwa saini. Mzee akiitoa kabatini kwake nyumbani, wakili wa utetezi atauliza swali moja tu na kesi imekwisha. Tena zamani vitu vilishikwa kwa mikono mitupu: maabara ikipata chembe kwenye shati, huenda ni za kachero mwenyewe. Usipolitumia hilo, nitaliiba.

Muuaji awe mwenzake wa zamani kazini?

Hapana. Msomaji atamshuku mara tu anapotokea na tabasamu. Afadhali aliyefungwa kwa kesi ile awe hana hatia, na aliyemfungisha awe mzee wako, kwa nia njema kabisa.

Nimpe miaka mingapi? Nataka mfululizo.

Mpunguzie. Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alimtambulisha kachero wake Hercule Poirot mwaka 1920 akiwa tayari polisi mstaafu kutoka Ubelgiji, na kisa chake cha mwisho kikachapishwa 1975. Piga hesabu. Baadaye mama huyo alikiri mwenyewe kwamba alikosea kumwanzisha mzee, maana kwa hesabu za kawaida mtu wake alikuwa amepita miaka mia na bado anakamata wauaji.