Ushuhuda Nilioutoa Mapema Mno

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni lini ulitambua pasipo shaka kwamba Mungu anatenda kazi katika maisha yako ya kila siku?" Nimelisoma mara kadhaa, na kila nilipofika kwenye maneno "pasipo shaka" nimelazimika kuliweka jarida chini. Naomba nijibu swali lililo jirani na hilo: ni nani mwenye haki ya kusimama mbele ya watu na kutangaza kwamba jambo fulani ni mkono wa Mungu? Naliuliza kwa sababu niliwahi kuitumia haki hiyo, na nikamwumiza mtu.

Miaka tisa iliyopita nilipaswa kusafiri kwa basi la alfajiri. Ufunguo wa mlango wangu ukapotea. Niliutafuta chini ya mito, juu ya kabati na hata ndani ya viatu, huku nikinung'unika, na mwishowe nikaukuta katika mfuko wa koti nililokuwa nimelivaa muda wote huo. Nilipofika kituoni basi lilikuwa limekwisha kuondoka. Kabla ya adhuhuri tukapata habari kwamba limepinduka na kwamba baadhi ya abiria wamefariki. Jumapili iliyofuata, wakati wa shuhuda, nilisimama mbele ya kanisa, nikasimulia habari ya ufunguo ule na kusema kwamba Mungu ndiye aliyenifumba macho nisiuone. Watu walipiga makofi na vigelegele, na wimbo wa shukrani ukaanza. Nilipogeuka ili nirudi mahali pangu nikamwona, karibu na mlango, mama ambaye mumewe alikuwa ndani ya basi lile. Tulikuwa tumemzika siku mbili kabla, na mimi nilikuwapo mazishini. Nilijua kila kitu. Sikuwa nimefikiri tu kwamba angekuja kanisani mapema namna ile. Alikuwa amesimama kama wengine wote, naye alikuwa akiimba.

Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu sana kuhusu shuhuda za aina hiyo. Katika sura ya 12 ya Matendo ya Mitume, Herode anamwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga, na katika sura hiyo hiyo malaika anamtoa Petro gerezani, minyororo ikimwanguka mikononi. Sisi huhubiri habari za Petro. Ni mara chache nimesikia mahubiri yanayouliza mama yake Yakobo aliisikiaje habari ya malaika yule, na kama alihudhuria ibada ya shukrani. Tena Bwana Yesu mwenyewe, alipozungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikataa katakata kuwaacha wasikilizaji wake wadhani kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko waliobaki hai. Anayesema "Mungu aliniokoa mimi" hakusudii kusema "na wewe alikuacha", lakini mfiwa aliyeketi benchi la nyuma hulisikia neno hilo hata kama halikutamkwa. Ndiyo maana niliponunua jarida lenu juzi nilikuwa na nia ya kuwaandikia kwamba kipindi cha shuhuda kingefaa kuondolewa kabisa, na kwamba Mkristo aliyeuona mkono wa Mungu na amshukuru chumbani mwake.

Lakini siwezi kuisimulia nusu ya habari na kuiacha nusu nyingine. Wiki tatu baada ya Jumapili ile nilikwenda nyumbani kwa yule mama kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Alifungua mlango, akanitazama kwa muda, akasema, "Ingia, dada," kisha akatangulia hadi chumbani, ambako kabati la marehemu lilikuwa wazi na mashati yake yametandazwa kitandani. Hakunipa nafasi ya kusema nililokuja kulisema. Alinipa shati, nikalikunja. Akanipa la pili. Tuliendelea hivyo mpaka alipofikia shati moja jeupe lililokosa kifungo cha mkono. Alikaa nalo. Akaniambia kwamba mumewe alikuwa amemkumbusha mara mbili kukishona kifungo kile, naye alikuwa amemjibu kwamba atakishona akirudi safari. Akaniomba nimletee sindano na uzi kutoka kwenye droo. Alikishona polepole, akaukata uzi kwa meno, akalikunja shati na kuliweka pamoja na mengine yaliyokuwa ya kugawiwa. Muda wote huo hakuna aliyesema neno, na mimi, niliyekuwa nimezungumza kwa ujasiri mbele ya kanisa zima, sikupata hata mstari mmoja wa zaburi.

Ndipo akasema, "Mambo ya ufunguo wako anayajua Mungu. Mimi nataka kujua kama alikuwa ndani ya basi." Nilimwambia kwamba sijui. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea. Aliponisindikiza hadi mlangoni akaongeza: "Mara tatu nimejaribu kulifungua kabati lile nikashindwa. Asubuhi ya leo nilimwomba Mungu aniletee mtu. Sikumwomba akulete wewe."

Ninapoandika haya naona kwamba jibu la swali lenu ninalo, ingawa nilianza kwa kulikwepa. Ilikuwa siku ile, chumbani mle, na aliyeutambua mkono wa Mungu ni yeye, si mimi. Mimi nilikuwa nimekwenda kuitua dhamiri yangu. Wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda kijiji cha Emau baada ya Yesu kufufuka nao walitembea na Bwana njia nzima wasimtambue, na walipomtambua hawakunyamaza. Waliinuka saa ile ile na kurudi Yerusalemu kuwasimulia wenzao. Kwa hiyo siwezi tena kusema shuhuda ziondolewe. Labda niseme kwamba zingoje, na kwamba kabla ya kusimama mtu aangalie ni nani ameketi karibu na mlango, japo najua wapo waliobaki na imani kwa sababu tu mtu fulani alisimama bila kungoja.

Wala sisemi kwamba mtu alikufa ili wanawake wawili wakunje mashati pamoja. Atakayeusoma ushuhuda huu hivyo atakuwa amerudia kosa langu. Kuhusu ufunguo, bado namshukuru Mungu kwa ajili yake, nyumbani, kwa sauti ya chini, na bado sijui kama nafanya sawa.

Yule mama aliniruhusu kuyaandika haya kwa sharti moja, kwamba nisiwaambie wasomaji kuwa swali lake kuhusu basi limepata jibu. Bado analiuliza, na siku hizi Jumapili tunaketi benchi moja.