Jibu: Mashabiki wa vikosi vya ngoma na tarumbeta wamepoa?

Mkuu, salaam. Umeuliza kwa nini video za vikosi vya ngoma na tarumbeta vya Marekani (vikundi vya vijana vinavyopiga muziki huku vikitembea kwa mpangilio uwanjani) za miaka ya 1980 zina shangwe mwanzo mwisho, ila za sasa jukwaa la watazamaji limetulia. Kabla ya kulaumu watazamaji, angalia kwanza muundo wa onyesho. Zamani kila wimbo ulikuwa na mwisho wake: tarumbeta zinakata noti ya mwisho kwa pamoja, kimya kidogo, watu wanalipuka. Sasa onyesho zima ni mtiririko mmoja. Hujainua mikono kupiga makofi, sehemu nyingine imeshaanza. Tena DCI (Drum Corps International, chombo kinachoendesha mashindano ya vikosi hivi) iliruhusu vipaza sauti mwaka 2004 na vinanda vya umeme 2009, kwa hiyo hata tarumbeta zikinyamaza kuna sauti inayojaza pengo. Hilo ndilo lililobadilisha mambo zaidi, kwa maoni yangu.

Mori wenyewe haujafa. Sikiliza kikosi cha Phantom Regiment, mabingwa wa DCI wa 2008: watu wanapiga mayowe katikati ya onyesho.

Ukilinganisha, sikiliza sehemu tatu: mlipuko wa kwanza wa tarumbeta, kilele cha wimbo wa polepole, na sekunde kumi za mwisho.