Moshi wa Mashine za Boti: Maswali Yenu

*Boti yetu ikiwa tupu haina shida, ikijaa mzigo inatoa moshi mweusi. Fundi amebadilisha nozeli (vinyunyizia dizeli) mara mbili, moshi uko palepale. (Nahodha, Kilwa)*

Nozeli ziacheni kwanza. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza: kilo moja ya dizeli hutaka zaidi ya kilo 14 za hewa, na mzigo ukizidi, dizeli inayochomwa nayo huzidi. Jaribio lake ni la bure. Mkiwa na mzigo kamili, fungueni mfuniko wa chumba cha mashine. Moshi ukipungua, matundu ya hewa ya chumba hicho ni madogo, au yamezibwa na magunia, jambo ambalo manahodha hawapendi kuambiwa.

Usipopungua, tazameni chujio la hewa. La karatasi halioshwi kwa dizeli, linabadilishwa. Kisha pitisheni mkono kwenye mipira itokayo kwenye tabo (kisukuma hewa cha mashine), mashine ikiwa imezimwa na kupoa: palipo na masizi yenye mafuta, hewa inavuja. Mwisho fungueni kipoza hewa kinachopitisha maji ya bahari. Upande wa hewa hushika mafuta, upande wa maji hushika chumvi. Kisipopoza, hewa hubaki moto na imetanuka, silinda inapata kidogo.

*Ekzosi ya maji inatoa moshi mweupe hata mashine ikishapata moto. (Mvuvi, Pemba)*

Maji yanayotoka nyuma ni mengi kama zamani? Yakiwa yamepungua, huo ni mvuke. Kagua chujio la maji ya bahari, impela (gurudumu lenye mapezi) ya pampu, na kiwiko ambako maji hukutana na moshi, maana huziba kwa ndani. Yakiwa mengi, ila maji ya ndani ya kupozea yanapungua kila siku, shuku gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya silinda na kifuniko chake) na usiendelee kuiwasha.

*Boti ya mtumba kutoka Ulaya ina tangi la urea (kimiminika cha kusafisha moshi). Nitie ya malori? (Dar es Salaam)*

Soma kitabu cha mashine yako. Ya malori ni asilimia 32.5, mashine nyingi za baharini zimepangiwa 40. Ya mbolea, hapana kabisa. Mfumo huo wa urea hupunguza oksidi za nitrojeni, gesi chafu za moshi, kwa ajili ya maeneo yenye masharti makali ya IMO (Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini), kama Baltiki na Bahari ya Kaskazini. Pwani yetu haimo, lakini usiung'oe kienyeji: cheti cha mashine kimeandikwa pamoja nao.