Imeili tatu za duka na bando linalokata
Mkuu, umesema una imeili tatu za duka hapo Kariakoo na kila ukizifungua kwa brauza bando linakata, mi ningekwambia weka Thunderbird, programu ya kusomea imeili kwenye kompyuta, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, toleo la 1.0 lilitoka 2004 na inapiga kazi kwenye Windows, Mac hadi Linux. Zote tatu unazisoma sehemu moja. Ila ukiunganisha imeili chagua IMAP, sio POP, hizo ni njia mbili za kupokea imeili: IMAP inaziacha meseji kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma ya imeili, ila POP inaweza kuzishusha kwenye mashine yako na kuzifuta kwenye seva, laptopu yangu ilivyokufa nililia aisee. Alafu kwenye setingi za Thunderbird iambie ihifadhi imeili za siku 30 za karibuni tu, la sivyo itavuta mzigo wote wa miaka na bando ndo kwisha habari. Viongezi, yaani vile vijiprogramu vya kuiongezea Thunderbird uwezo, weka kimoja kimoja, vingine toleo jipya la Thunderbird likija vinagoma.