Pevingi hazinywi maji tena: kabla hujazing'oa

Mkuu uliyeuliza kutoka Naliendele, umesema pevingi za uani kwako zilikuwa zinanywa mvua yote, sasa maji yanatuama mpaka barazani, na fundi anataka azing'oe zote azipange upya. Mimi kazi yangu ni kutandaza pevingi hapa Mtwara. Pesa hiyo ishike kwanza.

Tofali la zege lililoshindiliwa vizuri halipitishi maji ya maana. Maji yanashukia kwenye viungo, zile nafasi kati ya tofali na tofali zilizojazwa kokoto ndogo. Vumbi la barabarani nalo haliendi mbali: mara nyingi hunasa sentimita mbili tatu za juu, chini yake kokoto bado safi. Mchanga wa pwani hausumbui sana kwa sababu punje zake ni kubwa. Balaa ni udongo mwekundu wenye mfinyanzi. Kiangazi chote unajikusanya, mvua za Novemba na Desemba zinaulowanisha, jua likiwaka unakuwa gamba.

Niliwahi kuitwa Chikongola, nyumba inayotazamana na barabara ya vumbi. Mwenye nyumba alishaamini ua wote umekufa. Nikachukua kopo lililotobolewa juu na chini, nikazungushia mfinyanzi lisivuje, nikamimina maji. Getini yakasimama tu, tukabaki tunayatazama. Nyuma, karibu na jiko, yakazama papo hapo. Pevingi ni zilezile na aliyezipanga ni yuleyule, ila geti liko chini kuliko barabara, kwa hiyo tope la mtaani lilikuwa linaingia humo pamoja na matairi. Tukashughulikia getini tu.

Kazi yenyewe ifanyike kukiwa kukavu, Oktoba panafaa. Kwangua viungo kwa bisibisi kuukuu, sentimita 2 hadi 3, fagia na uchafu wote uutoe nje kwa karai. Jaza kokoto zilizooshwa za milimita 3 hadi 5. Fundi akikuletea vumbi la kokoto kwa kuwa ni rahisi, mrudishie. Hilo nalo linaziba viungo. Mpira wa presha ukiuelekeza wima unasukuma tope chini, ambako bisibisi haifiki.

Halafu chimba mtaro wa kukata maji mbele ya geti. Bila huo utakwangua kila mwaka, na mafundi tutakushukuru.

Kama tofali zako ni zile za zege lisilo na mchanga, zenye vitundu mwilini, habari ni nyingine: uchafu uko ndani ya tofali na unatolewa kwa mashine ya kufyonza. Vyovyote vile, kabla ya kuamua inua tofali moja hapo getini. Ukikuta kokoto za chini nazo zimejaa tope, basi fundi wako ana hoja, angalau kwa eneo hilo. Piga picha uweke hapa tuone.