Wanajua sigara ni mbaya, mbona bado wanavuta?

SWALI: Nafundisha shule ya msingi mkoani Morogoro. Kila mwaka tunaalika mtu wa afya awaonyeshe wanafunzi picha za mapafu yaliyooza na ini la mlevi. Wa darasa la tatu hukunja pua na kuapa hawatagusa. Wakifika la saba, baadhi tunawakuta nyuma ya vyoo na sigara, wengine wananuka pombe. Tunakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, yule wa la tatu hakudanganyi, anachukia kweli. Ila msimamo wake kaupokea kwa wakubwa, bado haujajaribiwa. Akifika miaka 11 au 12 anaanza kujipima kwa macho ya wenzake, na hapo picha ya mapafu inakosa nguvu: saratani ni ya uzeeni, kuchekwa ni leo. Mpango wa DARE ulioanza Los Angeles mwaka 1983, askari wakiingia madarasani kuwafundisha wanafunzi wakatae dawa za kulevya, ulienea Marekani nzima; watafiti walipowafuatilia wanafunzi miaka kadhaa baadaye, tofauti kati yao na wasiofundishwa ilikuwa ndogo mno.

Mimi ningeanza na kile wanachodhani kuhusu wenzao. Mtoto huamini wanaovuta ni wengi kuliko walivyo, basi huona yeye ndiye aliyebaki nyuma. Wape karatasi zisizo na majina, maswali mawili: je, ndani ya siku 30 zilizopita umevuta au kunywa? Na unadhani kati ya wanafunzi 10 wa darasa lako, wangapi wamefanya hivyo? Mara nyingi makadirio huwa juu sana kuliko idadi ya waliokiri. Warudishie matokeo hayo, wajadiliane wenyewe. Waliokiri wakiwa wengi, usitangaze, maana utakuwa unawathibitishia hofu yao. Na tafadhali, mwalimu wa nidhamu asishike karatasi hizo. Mtoto mmoja akichapwa kwa alichoandika, mwakani hakuna atakayekuambia ukweli.

Kisha wafanye mazoezi ya kukataa kwa maigizo, kwa maneno yao ya mtaani, tena na tena. Kujua madhara hakumfundishi mtoto la kumjibu kaka wa jirani anayemnyooshea chupa.

Viongozi wa kazi hii wachaguliwe na wanafunzi. Katika mpango wa ASSIST wa kuzuia uvutaji shuleni, uliojaribiwa Wales na magharibi mwa Uingereza, wanafunzi wa miaka 12 na 13 walitaja wenzao wenye ushawishi kwao. Hao wakapewa mafunzo, wakazungumza na wenzao kwenye mapumziko na njiani. Uvutaji katika shule hizo ukawa mdogo kuliko katika shule zisizo na mpango huo. Waliotajwa si lazima wawe kaka mkuu na dada mkuu, na hata mtukutu akitajwa, mchukue.

Nje ya geti nako kuna kazi. Viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali, vilipigwa marufuku nchini Machi 2017 kwa sababu bei na ukubwa wake vilimfaa hata mtoto mwenye hela ya andazi. Sigara ya mojamoja ina hatari ileile. Nendeni na kamati ya shule kwa wenye maduka ya jirani, mkawakumbushe kwamba sheria hairuhusu kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Wale mliowakuta vyooni msiwaweke kwenye kikundi kimoja cha ushauri. Watoto wa namna hiyo wakikaa pamoja hufundishana. Zungumza na mmoja mmoja, na mzazi wake awepo pale tu ambapo una hakika hatampiga.